Gari la zamani lenye vifaa vilivyochongwa kienyeji: soma dalili kabla ya kushika spana

Gari la zamani hapa Dodoma halikosi kitu kilichofungwa kienyeji. Land Rover Series III ya Mpwapwa ina alteneta (mashine ya kuzalisha umeme) ya Corolla. Peugeot 504 pikapu inayobeba zabibu kutoka Hombolo inapozwa na feni ya umeme iliyotolewa kwenye Noah. Spea za kiwandani za magari haya ni adimu, na zikipatikana bei yake inakausha mate. Kwa hiyo tunachonga, tunaunga, tunahamisha kutoka gari hili kwenda lile. Mimi sioni aibu hata kidogo. Nimekaa na magari haya Kizota miaka mingi, na naamini mikono ya mafundi wetu ndiyo iliyoyaacha barabarani mpaka leo.

Ninachoandika hapa kinahusu siku ambayo gari la namna hiyo limeanza kusumbua na hujui pa kuanzia. Kitabu cha gari hakikusaidii sana, kwa sababu gari la kwenye kitabu silo lililo mbele yako. Kitu kimoja nimekiona tena na tena: kifaa cha kiwandani mara nyingi kina kazi mbili au tatu. Tunapofunga kingine mahali pake, kile kipya hushika kazi moja tunayoiona kwa macho, na ile nyingine inabaki yatima. Tatizo jipya huzaliwa kwenye ile kazi iliyoachwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kilichotolewa kilikuwa kinafanya nini kingine?

Anza kwa kumuuliza mwenye gari nini kilibadilishwa mwisho. Mara nyingi atajibu hakuna, na hasemi uongo. Feni ya Noah imekaa miaka mitatu, kwake imeshakuwa sehemu ya gari. Zunguka mwenyewe. Tafuta bolti zisizofanana na wenzake, kovu la kuchomelea, waya wa rangi ya ajabu uliozungushiwa utepe, hozi iliyokazwa kwa waya wa kufungia. Chora alama ya chaki kila mahali. Ukimaliza, unayo ramani.

Gari linachemsha

Hili ndilo linaloleta wengi, hasa kuanzia Septemba jua linapokaza mpaka mvua za Desemba. Kabla ya kulaumu chochote, kumbuka tulipo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Gari lililokuwa salama Tanga linaweza kuchemka hapa kwa joto lile lile.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Kwenye Land Rover za Series mfuniko una springi ya pauni 9 au 10 kwa inchi ya mraba, na shinikizo hilo linapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 110. Sasa angalia watu wanachofunga pale: mfuniko wa gari jingine usioshika shingo sawasawa, au mfuniko uleule wa zamani uliowekewa kipande cha mpira wa tyubu chini yake uzibe. Ukiwa unavuja, maji yanachemka mapema na kumwagika ingawa injini haina ugonjwa. Ukiwa umezibwa kabisa kwa mpira, unapata dalili nyingine ambayo imewachanganya mafundi wengi: asubuhi gari limepoa, hozi ya juu imebonyea kama imekanyagwa. Katikati ya mfuniko wa kiwandani kuna kivalvu kidogo kinachofunguka kuingiza hewa maji yanaposinyaa kwa baridi. Kile kipande cha tyubu kimekiziba. Tupa tyubu, tafuta mfuniko wenye vivalvu vyote viwili na springi ya nguvu ileile. Usiweke wa nguvu zaidi kwa kudhani unasaidia. Rejeta ya zamani itapasuka kwenye maungio ya risasi.

Kama mfuniko ni mzima, sikiliza gari linachemka wakati gani. Likichemka likiwa limesimama au kwenye foleni na kupoa likikimbia, ugonjwa uko kwenye feni. Likichemka likipanda mlima au likikimbia, na kupoa likisimama, ugonjwa uko kwenye maji: rejeta imeziba, pampu imechoka, hozi ya chini inanyonywa na kubonyea ndani, au moto wa plagi umecheleweshwa.

Tuseme ni feni. Feni ya umeme iliyohamishwa ina makosa matatu ninayoyakuta kila mara. La kwanza, inazunguka kinyume kwa sababu waya zimegeuzwa. Shika ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta feni ikiwa inafanya kazi: unatakiwa uvutwe na kugandamana kwenye wavu. Ukipeperuka kuelekea kwako, geuza waya. La pili, imefungwa mbele ya rejeta wakati mapanga yake yamekatwa kwa kuvuta kutoka nyuma. Itasukuma, lakini kwa nguvu ndogo. La tatu ndilo kubwa: kava la feni limetupwa kwa sababu nafasi haikutosha. Lile kava linalazimisha hewa yote ipite kwenye rejeta nzima. Bila kava, feni inapoza duara moja katikati na pembe nne zinabaki za moto. Kata bati, likunje, acha nafasi ya sentimita mbili hivi kati ya ncha za mapanga na ukingo, na ukingo unaogusa rejeta uvalishe mpira wa tyubu. Kazi ya saa mbili, na nimeona gari zikipona kwa hilo peke yake.

Kisha piga hesabu ya umeme. Land Rover ya zamani yenye dinamo ya Lucas C40 inapata ampea 22 tu ikiwa na afya njema. Taa kubwa mbili zinakula ampea 8 mpaka 10, koili inayozalisha moto wa plagi inakula 3 au 4, na feni ya gari dogo inakula 10 au zaidi. Usiku dinamo imeshazidiwa, betri inajazia, na mtu anarudi kwangu akisema betri mpya ni mbovu. Kumbe feni ya chuma ya kiwandani haikuwa inadai umeme hata kidogo.

Tuseme ni maji. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha feni haiwezi kujiwasha, halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka juu kwenda chini. Mstari wa baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na yanaacha ukoko mweupe ndani ya mirija. Wakati mwingine aliyeziba ni fundi: rejeta ilivuja, akabana mirija sita kwa koleo na kuyeyushia risasi. Kuvuja kukakoma, na sehemu ya upozaji ikaenda nayo. Uliza pia kama limewahi kuwekewa yai bichi. Yai linafanya kazi. Linaiva ndani ya maji ya moto, linakimbilia kwenye tundu na kuliziba, unafika nyumbani. Lakini linaiva kila mahali, na wiki inayofuata mirija myembamba imebeba utando. Aliyetumia yai alipaswa kusafisha rejeta siku aliyofika. Kwa mfumo wa maji, kinga maji ya mvua masika na uyahifadhi kwenye madumu kwa ajili ya gari. Ni dawa ya bure.

Jambo la themostati. Hiki ni kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Wengi wanaing'oa kwa hoja kwamba Dodoma kuna joto. Kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, themostati ya kiwandani inapofunguka inaziba ile njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka mlimani. Halafu Juni na Julai, usiku wetu wa baridi, injini ileile haipati moto wa kutosha na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Rudisha themostati. Ipime kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni: itundike kwa uzi, iangalie ikifunguka kabla maji hayajachemka.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Gari linaondoka vizuri, baada ya nusu saa linakohoa na kuzima. Unasubiri dakika ishirini, linawaka kama halikuwahi kuumwa. Kuna wezi wawili wa dalili hii, petroli na koili, na wanafanana kama pacha. Usinunue kitu mpaka umewatenganisha, na unaweza kuwatenganisha palepale barabarani.

Mara linapozima, usisubiri lipoe. Hakikisha hakuna petroli inayovuja. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta (kigawa moto wa plagi), ushike kwa koleo lenye mpira mkavu, ncha yake iwe milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Nenda kwenye petroli. Cheche ya njano iliyofifia, au hakuna kabisa, mwizi ni koili au jamaa zake.

Kwa koili, iguse. Ikiwa huwezi kuishika kwa sekunde tatu, kuna jambo. Koili nyingi tunazotoa kwenye magari ya Kijapani ziliundwa kufanya kazi pamoja na rizista ya pembeni, kile kipande cheupe cha kauri kilichofungwa karibu nayo. Fundi anachukua koili, anaiacha rizista kwenye gari lililokufa. Pima kwa mita kati ya nguzo mbili ndogo za koili: ukipata karibu omu 3, hiyo inakubali volti 12 moja kwa moja, ukipata omu moja na nusu hivi, inataka rizista. Bila rizista inapitisha umeme karibu mara mbili, inapata moto mpaka inakata, na inachoma pointi njiani, vile vidole viwili vya chuma vinavyokata na kuunga umeme wa koili. Fungua distribyuta uone: pointi zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili zinakuthibitishia, ingawa kondensa mbovu nayo huacha alama ya namna hiyo.

Na pointi zenyewe, tafadhali, tusizipime kwa wembe wa msumeno wa chuma. Wembe ule una unene wa milimita 0.6 na kidogo. Kwa plagi unakaribia, kwa sababu Land Rover inataka karibu 0.75. Pointi zinataka 0.4 hivi. Ukizipima kwa wembe wa msumeno, koili inapata muda mfupi wa kujaza na gari linamisi likienda kasi.

Kama cheche ni nzima, petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Mlima Nyang'oro, baada ya Mtera ukielekea Iringa, ndio unaowaumbua wengi: mzigo mzito, mwendo mdogo, joto la mchana. Lowesha kitambaa, kizungushie kwenye pampu ya petroli na bomba lake. Hewa yetu ni kavu, maji yanakauka haraka, na kukauka huko ndiko kunakopoza. Kuna wanaobana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba. Sijawahi kuona vikifanya kinachofanywa na kitambaa kibichi. Likiwaka ndani ya dakika mbili baada ya kulowesha, umempata mwizi. Tiba ya kudumu ni kuangalia bomba limepitishwa wapi. Mara nyingi lile la kiwandani lilioza, jipya likapitishwa njia fupi karibu na ekzosi. Lisogeze, au weka ngao ya bati kati yake na ekzosi, bati lisiguse upande wowote.

Hapo ndipo mtu anaposhawishika kufunga pampu ya umeme, na hapo ndipo ninapopaza sauti. Pampu iliyotoka kwenye gari la injekta inasukuma pauni 35 hadi 45. Kabureta inataka 2 hadi 4. Sindano ya floti, inayofunga petroli kabureta ikijaa, haiwezi kuzuia nguvu hiyo. Dalili zake ni moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi zilizolowa, na baada ya siku chache kipimo cha oili kinaonyesha oili imepanda. Nusa kile kijiti. Kikinuka petroli, usiwashe tena. Mwaga oili yote. Zipo pampu za umeme za nguvu ndogo kwa ajili ya kabureta, tumia hizo. Lakini hata hizo zina kazi moja yatima: pampu ya kiwandani inayosukumwa na injini inasimama injini ikisimama. Ya umeme inaendelea kumwaga petroli gari likiwa limepinduka. Ipitishie umeme wake kwenye swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima pampu nayo izime.

Unaweza pia kuikarabati ile ya zamani. Ila usikate kiwambo chake, ile ngozi ya ndani inayosukuma petroli, kutoka kwenye tyubu ya tairi. Mpira wa tyubu ukikaa kwenye petroli unavimba, unalegea kama ngozi iliyolowekwa, na ukichanika petroli inashuka moja kwa moja kwenye oili. Nunua kiwambo cha mpira wa petroli, hata kama ni cha pampu nyingine na unahitaji kukipunguza kwa mkasi.

Tangi likitoboka safarini, sabuni ya mche inasaidia. Petroli haiiyeyushi. Isugue kwenye tundu mpaka ijae, utafika. Kuchomelea tangi, hata lililokaa tupu mwezi mzima, usifanye mpaka limeoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kujazwa maji mpaka karibu na tundu. Mvuke uliobaki unalipuka. Hili limeua watu.

Waya ya choki inapata moto

Mzee mmoja alikuja na Land Rover yake kutoka upande wa Mpwapwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akakaa kwenye benchi na kuniambia, "Mwanangu, choki inanata. Na asubuhi nikiivuta inanichoma vidole." Alikuwa ameshabadilisha waya ya choki, ile inayovutwa kuwasha injini ikiwa baridi, mara mbili.

Nilifungua boneti, nikamwomba kijana wangu apige stata. Stata ilizunguka kwa uchovu, ng'we, ng'we. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya waya ya choki pale inapoingia kwenye kabureta. Pigo la tatu nikauondoa mkono kwa nguvu. Plastiki ya juu ya waya ilikuwa imeanza kung'aa, kisha ikatoa uzi mwembamba wa moshi.

Nililala chini ya gari. Mkanda wa shaba unaounganisha injini na chesi ulikuwepo, umekazwa vizuri upande wa chesi. Upande wa pili ulikuwa unaning'inia hewani, tundu lake la bolti limejaa grisi kavu na vumbi. Miezi miwili nyuma injini ilikuwa imetolewa mahali fulani kubadilishwa klachi, ikarudishwa, na mkanda ukasahaulika. Injini inakaa juu ya mpira, haigusi chesi. Umeme wa stata, zaidi ya ampea 100, ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, na njia pekee ya chuma iliyobaki ilikuwa ile waya ya choki na waya ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali.

Nikimwonyesha, mzee alinyamaza muda mrefu akiutazama ule mkanda. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nabadilisha mtu asiye na kosa."

Kwa hiyo ukiona choki au waya ya mafuta inanata bila sababu, taa zinafifia kupita kiasi ukipiga stata, au beringi za giaboksi zinakufa mapema, pima hivi: mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya betri inayokwenda kwenye bodi, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Zaidi ya nusu volti, mkanda ni mbovu au haupo. Wa kuchonga ni rahisi: kipande cha kebo ya mashine ya kuchomelea, na vichwa vyake vikatwe kutoka bomba la shaba la friji. Ingiza kebo, pondaponda kwa nyundo, yeyushia risasi, toboa tundu. Kwangu huu ni bora kuliko mingi inayouzwa.

Alteneta ya Toyota haichaji, au imekufa siku ileile

Imekufa mara tu ilipounganishwa? Angalia umri wa gari. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa nguzo chanya ya betri kwenye bodi. Alteneta ya Toyota inataka hasi kwenye bodi. Ukiiunganisha bila kugeuza, daiodi zake zinaungua papo hapo. Geuza betri, geuza waya za koili, na redio ya zamani itoe kabla ya hapo.

Haichaji mpaka uikanyage injini kwa nguvu? Angalia balbu ya chaji kwenye dashibodi. Watu wanadhani ni taa ya kuonyesha tu. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta inalala. Na wapo wanaoruka balbu na kuleta volti 12 moja kwa moja kwenye nguzo yenye herufi L: regyuleta iliyo ndani inaungua. Weka balbu. Nguzo ya IG inapata umeme wa swichi, ya S inatoka betri.

Mkanda unalia na kutoa unga mweusi? Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa puli zote. Breketi ya chuma cha pembe iliyokatwa kwa macho inapotoka milimita chache, na mkanda ndio unaolipa. Na kama alteneta imekuja na puli ya mifereji mingi myembamba, haiwezi kushika mkanda wa zamani wenye umbo la V. Tafuta puli ya V kutoka alteneta ya zamani zaidi. Nyingi zinaingia kwenye shafti ileile.

Moshi wa bluu na oili inayopotea

Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mpango wa karanga. Walileta hata matrekta yaliyoitwa Shervick, yaliyoundwa kutoka kwenye vifaru vya Sherman vya vita, nao ulikuwa ubunifu wa kuhamisha vifaa kama wetu. Udongo wa Kongwa ulizila zana zao kama msasa, na mwaka 1951 mpango ukafa. Nawakumbusha vijana wangu habari hii kwa sababu vumbi linaloingia kwenye injini zetu ni udongo uleule.

Land Rover na lori nyingi za zamani zina chujio la hewa la bakuli la oili. Hewa inashuka, inagongana na oili chini, inageuka ghafla. Vumbi zito linabaki kwenye oili na lililobaki linanaswa na wavu wa waya. Watu wanalitoa wakisema limepitwa na wakati, wanafunga la karatasi la gari jingine. Mimi nasema wazi: kwa barabara za Bahi na Kondoa vijijini, ukiwa nalo lile bakuli, usilitoe. Mwaga matope, osha wavu kwa dizeli, jaza oili ya injini mpaka kwenye alama, usizidishe.

Kama limeshatolewa, karatasi yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye maungio. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba kati ya chujio na kabureta, endesha wiki moja, fungua. Ukikuta chengachenga kwenye grisi, hewa chafu inapita pembeni. Ukuta wa silinda unaliwa, na moshi unafuata.

Moshi ukitoka gari likivuta mzigo, ringi zimekwisha. Ukitoka pale unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu umeachia, ni gaidi za valvu, yaani vibomba ambamo shina la valvu hupita, na hapo una nafuu: fundi mzuri wa mashine anazichonga.

Kama injini haitulii bila kukanyagwa na unasikia mluzi, hewa inaingia chini ya kabureta. Gasketi ya boksi la katoni inafaa kwenye pampu ya maji, ikipakwa grisi. Kwenye kabureta inakauka na kusinyaa. Pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umefika. Kwa kabureta za Zenith, angalia pia mfuniko wa juu. Unapinda kwa joto. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, usugue mfuniko kwa mwendo wa duara mpaka uso wote ung'ae.

Mtetemo

Baada ya injini ya Toyota kuingia kwenye Land Rover, propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi kwenda kwenye ekseli, hukatwa na kuungwa. Gari likianza kutetema kwenye mwendo wa kati, ondoa shafti, ilaze sakafuni. Masikio ya yujointi ya pande mbili lazima yakae sawa, mstari mmoja. Yakipishana, hakuna kusawazisha kutakakosaidia. Kata, panga, chomelea upya, na safari ijayo chora mstari wa chaki kabla ya kukata.

Kama mtetemo uko klachi inapokamata, au kuna mlio giaboksi ikiwa haina gia, bamba la kuunganishia injini na giaboksi halijakaa katikati. Bolti peke yake hazitoshi kulishika mahali pake, kwa sababu matundu yake yana nafasi. Kiwandani zilikuwepo pini mbili ngumu zinazopanga katikati. Peleka kwa fundi wa mashine mwenye dailo geji, apime kutoka kwenye flaiwili, kisha atoboe na kutia pini.

Breki

Hapa sichongi chochote isipokuwa kimoja: silinda iliyoliwa na kutu inaweza kutobolewa na kuvalishwa bomba la shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, kwa kipimo kilekile. Mpira wa ndani ya silinda, hozi na maji ya breki haviigizwi.

Dalili inayoniletea hofu ni hii: breki zinakamata zenyewe, pedali imekuwa ngumu na fupi, magurudumu yanawaka moto, na ukiliacha gari lipoe yanaachia. Mtu aliishiwa maji ya breki njiani akaongeza oili ya injini au mafuta ya alizeti. Mpira wa breki ukikutana na oili ya injini unavimba, unaziba tundu dogo la kurudishia kwenye masta silinda, na maji yanakwama upande wa magurudumu.

Nyonya kidogo kutoka kwenye kikombe cha masta, mimina kwenye chupa ya kioo yenye maji safi nusu, tikisa, iache dakika tano kwenye mwanga. Maji ya breki halisi yanachanganyika na maji yote kabisa. Mafuta yanapanda juu na kukaa kama tabaka la samli. Ukiona tabaka hilo, hata jembamba kama karatasi, mpira wote kwenye mfumo utolewe, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho pamoja na hozi. Osha mabomba kwa spiriti, yapulize mpaka yakauke, funga mpira mpya. Gari lisitoke getini kabla ya hapo. Kama mwenyewe ana haraka, livutwe kwa gari lingine lenye breki nzima, kwa chuma kigumu cha kuvutia. Usitumie kamba.